Sinema kongwe za upelelezi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Wanaokuja kuangalia picha nasi hapa Ngamiani, Tanga, huuliza mambo yale yale, na wanaotuandikia kutoka Muheza, Pangani na Dar huuliza hayo hayo kwa maneno mengine. Tumeyakusanya hapa. Wanaojibu si wasomi wa filamu, ni watu wanaozipenda sinema hizi pamoja na kasoro zake.

Mnaposema "sinema kongwe za bei ndogo" mnakusudia zipi hasa?

Filamu za upelelezi zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, nyingi zikiwa za Marekani, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni nyeusi na nyeupe, urefu wake saa moja na ushei, na maiti hupatikana kabla hujamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa.

Asili yake ni biashara. Uchumi wa Marekani ulipoanguka baada ya 1929, wenye kumbi walihangaika kuwarudisha watu, wakaanza kuuza picha mbili kwa tiketi moja: kubwa yenye waigizaji maarufu, na ndogo ya kuisindikiza. Picha kubwa ilimlipa mtengenezaji kwa asilimia ya mapato ya mlangoni. Ndogo ilikodishwa kwa bei moja iliyokubaliwa, ukumbi ujae usijae. Basi mtengenezaji wa picha ndogo alijua tangu mwanzo atapata kiasi gani. Kuitengeneza vizuri zaidi hakukumwongezea hata senti. Faida yake yote ilitoka kwenye kubana matumizi. Vyumba vichache, waigizaji wa mshahara, kazi ya siku chache, na mpelelezi yule yule arudi mwezi ujao ili asihitaji kutambulishwa upya.

Studio kubwa kama Fox, RKO, Columbia na Universal zilikuwa na idara zao za picha ndogo. Chini yao zilikuwepo kampuni kama Monogram na PRC, ambazo riziki yao yote ilikuwa humo. Hollywood wenyewe waliziita kampuni za mtaa wa mafukara.

Kama zenyewe ni za kubana matumizi hivyo, raha yake iko wapi?

Iko hapo hapo kwenye kubana. Mtengenezaji asiye na fedha hawezi kukuonyesha meli ikizama wala magari yakigongana. Anachoweza ni kukufungia watu wanane ndani ya jumba moja usiku wa mvua, mmoja wao afe, halafu waliobaki waanze kusemana. Kinachobaki ni nyuso na maneno, na mtazamaji hana pa kupumzisha macho. Nani alitoka sebuleni? Mbona huyu mama hakushtuka? Kwa nini wakili anafuta miwani kila anapoulizwa habari ya wosia?

Ndiyo maana sisi huziona picha za kuangalia pamoja, kwa kelele. Ukiangalia peke yako kwenye simu, kitandani, utaona picha ya zamani inayokwenda polepole. Ukiangalia na watu sita wenye ubishi, ni mambo mengine kabisa. Desturi yetu ni kusimamisha picha pale inspekta anaposema wote wakusanyike sebuleni. Pale pale kila mtu anamtaja muuaji wake na ushahidi wake, na mabishano mara nyingine huwa marefu kuliko dakika zilizobaki. Waliokosa wanagharamia kashata.

Kuna namna ya kumjua muuaji mapema?

Ipo, na haitakuharibia raha, maana watengenezaji nao walijua kwamba tunajua.

Mtu wa kwanza kukamatwa na polisi mfute moja kwa moja. Polisi katika picha hizi yupo ili akosee. Kijana na binti wanaopendana wafute pia, hata kama kijana ameonekana ameshika bastola juu ya maiti. Hao wanahitajika mwishoni kwa ajili ya ndoa. Mtumishi mwenye uso mkali na anayetokea kila mlango unapolia, mara nyingi ana siri, lakini siri yake ni nyingine: amekwiba vijiko, au ni baba wa binti fulani.

Wanaobaki ndio wa kuangalia. Mshuku anayesaidia mno. Mtu aliyejitolea kumpigia daktari simu, akafunga madirisha, akawatuliza wanawake, akampa mpelelezi orodha ya maadui wa marehemu, huyo usimwache. Kikulacho ki nguoni mwako, na watunzi wa picha hizi waliishi kwa kanuni hiyo. Mshuku pia mwigizaji ambaye jina lake limeandikwa juu katika orodha ya mwanzo lakini amepewa maneno machache. Studio ilimlipa, haiwezekani imemlipa ili akae kwenye kochi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Na mtu akisema, "Nimeshamjua, muuaji ni..." taa zitazimika. Hilo halina haja ya kubahatishwa.

Jambo moja una hakika nalo kabla hata hujaketi: muuaji hatoroki. Tangu 1934 kanuni za maadili za Hollywood zilianza kusimamiwa kwa ukali, na mhalifu alipaswa kulipa. Kwa hiyo watunzi hawakuwa na ruhusa ya kukushangaza kwa kumwachia. Walibaki na swali la nani, na la vipi, wakalichonga hilo mpaka likang'aa.

Nianze na ipi?

Anza na *Terror by Night* ya 1946. Sherlock Holmes amepanda treni ya usiku kutoka London kwenda Edinburgh kulinda almasi, na mtu anauawa humo humo. Dakika sitini tu, mabehewa machache, na hakuna anayeweza kushuka. Holmes ni Basil Rathbone, na Dk. Watson ni Nigel Bruce. Wawili hao walicheza pamoja filamu 14 kuanzia 1939 hadi 1946: mbili za kwanza kwa Fox, zenye fedha na mavazi ya enzi ya Malkia Victoria, na 12 kwa Universal, ambazo ndizo za bei ndogo. Universal walimhamishia Holmes katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, wakaepuka gharama ya farasi na magari ya kukokotwa. Mashabiki wa vitabu walikasirika. Sisi hatukasiriki, ukungu ule unatosha. Kumi na moja kati ya hizo 12 ziliongozwa na mtu mmoja, Roy William Neill, na ukiziangalia mfululizo unaanza kuijua kazi ya mkono wake.

Kisha nenda kwa *The Thirteenth Guest* ya Monogram, 1932. Binti anarudi kwenye jumba lililofungwa kwa miaka, meza ya karamu bado imepangwa, na kiti cha mgeni wa kumi na tatu kiko wazi. Binti huyo ni Ginger Rogers kabla hajawa Ginger Rogers wa kucheza dansi na Fred Astaire. Sauti ni mbovu, mambo mengine hayaelezeki, na tunaipenda.

Ukipata hamu zaidi, mtafute Falcon, mpelelezi wa mfululizo wa RKO. George Sanders alipochoka na nafasi hiyo, studio ilitengeneza *The Falcon's Brother* mwaka 1942, ambamo ndugu anamrithi ndugu, na aliyemrithi alikuwa Tom Conway, kaka yake Sanders wa tumbo moja. Mwaka huo huo *The Falcon Takes Over* ilitumia hadithi ya riwaya ya Raymond Chandler. Miaka miwili baadaye studio ile ile iliichukua hadithi hiyo hiyo na kuitengeneza kwa fedha nyingi. Ziangalie zote mbili. Ubishi wa ipi bora haujaisha hapa kwetu.

Mbona giza hivyo? Nilidhani runinga yangu imeharibika.

Runinga yako nzima. Ukuta usiomulikwa hauhitaji kupakwa rangi, na ngazi inayoishia gizani haihitaji kupanda popote. Giza lilikuwa rahisi kuliko seremala. Wapiga picha wakajifunza kulifanya litishe: kivuli cha kofia ukutani, mkono wenye glovu nyeusi ukitokea nyuma ya pazia. Mfululizo wa *The Whistler* wa Columbia, filamu nane kuanzia 1944 hadi 1948, unafunguliwa na kivuli cha mtu anayetembea akipiga mluzi. Mwenyewe huonyeshwi uso. Hiyo ni hofu ya bure kabisa, na inafanya kazi mpaka leo umeme ukikatika.

Giza jingine ni la ubovu. Nakala nyingi zinazozunguka zilitolewa kwenye mikanda midogo iliyotengenezewa vituo vya televisheni, kisha zikanakiliwa tena na tena. Ukiona nyuso zote zimekuwa nyeupe kama zimepakwa unga, tafuta nakala nyingine ya filamu hiyo hiyo. Mara nyingi ipo.

Zilizotiwa rangi je?

Achana nazo.

Kiingereza chao kinanipita, na maandishi ya chini hakuna. Nifanyeje?

Tafuta mfasiri. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaikumbuka sauti ya Lufufu, na wanajua kwamba filamu iliyotafsiriwa vizuri inaweza kuwa tamu kuliko yenyewe. Sisi tuna mwalimu mstaafu anayefanya kazi hiyo, na ana masharti yake: hatafsiri picha aliyokwisha kuiona. Anasema sauti humsaliti. Akijua muuaji ni nani, anamtafsiri kwa upole kupita kiasi, na wasikilizaji wa Ngamiani hawahitaji zaidi ya hapo.

Kama uko peke yako, jua kwamba maneno mengi hujirudia: wosia, bima, sumu, alama za vidole, "ulikuwa wapi saa nne usiku". Baada ya picha tatu nne utashangaa unavyofuata. Na pale mpelelezi anapoeleza yote mwishoni, rudisha nyuma usikilize tena bila haya. Hata Waingereza wenyewe hurudisha.

Huyu Charlie Chan ni Mchina au siye? Na ni halali kumfurahia?

Mpelelezi Charlie Chan katika hadithi ni Mchina wa Honolulu. Mtunzi wake, Earl Derr Biggers, alivutiwa na habari za askari wa kweli wa mji huo, Chang Apana. Lakini aliyemcheza tangu 1931 alikuwa Warner Oland, mzaliwa wa Sweden. Oland alipofariki 1938 nafasi ikaenda kwa Sidney Toler, mtu wa Missouri, na baada yake kwa Roland Winters, Mmarekani mwingine mweupe. Wachina wa kweli walipewa nafasi za watoto. Keye Luke, aliyecheza mtoto wa kwanza, ndiye mwenye uhai kuliko wote katika picha hizo, na ilibidi asubiri hadi 1940, katika *Phantom of Chinatown* ya Monogram, ndipo akapewa kuwa mpelelezi mwenyewe. Mara moja tu.

Kuna la karibu nasi zaidi. Katika picha za Chan za Monogram yumo Mantan Moreland, mwigizaji mweusi, akicheza dereva anayetetemeka kila mlango unapolia. Vijana wetu wengine hutoka nje akitokea, na hatuwalaumu. Wengine, nami mmoja wao, tunaona kwamba aliandikiwa woga lakini yeye akaleta ufundi: wakati wake wa kutamka ni wa hali ya juu, na mara nyingi ndiye pekee anayesema lenye akili, yaani tuondoke humu ndani. Hilo halifuti ubaya wa aliyemwandikia. Tunaionyesha picha, tunasema tunachokiona, na aliyekereka tunamsikiliza.

Dawa nzuri ni kuangalia pia walichotengeneza Wamarekani weusi wenyewe, kwa fedha ndogo kuliko hata za Monogram. Oscar Micheaux alitoa *Murder in Harlem* mwaka 1935: mlinzi mweusi anakuta maiti ya mwanamke mweupe kiwandani, na anajua kabla ya mtu yeyote kwamba atashukiwa yeye. Uigizaji unayumba na kamera haisogei, lakini hofu ya mlinzi yule huwezi kuipata katika picha yoyote ya Chan.

Wapelelezi wanawake wapo?

Wapo, na picha ndogo ziliwapa nafasi ambazo picha kubwa ziliwanyima. Torchy Blane, mwandishi wa habari mwenye mdomo wa haraka, alitolewa filamu tisa kati ya 1937 na 1939, nyingi zikichezwa na Glenda Farrell. Nancy Drew alipata nne, 1938 na 1939. Kipenzi chetu ni Hildegarde Withers wa Edna May Oliver katika *Penguin Pool Murder* ya 1932: mwalimu wa shule aliyepeleka watoto kuona samaki, akakuta maiti bwawani, akaamua kwamba inspekta anahitaji kufundishwa kazi. Kila mtu hapa amewahi kuwa na mwalimu wa namna ile.

Mambo haya ya Hollywood yanahusiana nini na Tanga?

Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa utamu wa hadithi za msako. Wazee wanasimulia mpaka leo habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliokuwa wakiwindwa na serikali ya mkoloni miaka ya 1950 na kusemwa kwamba walijificha katika mapango ya Amboni. Kila msimulizi ana pango lake na mlango wake wa kutokea.

Tena huu ulikuwa mji wa sinema. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo jioni ya burudani kwa muda mrefu ilimaanisha kwenda picha, Majestic au kwingineko. Waulize waliokuwa vijana wakati huo, watakutajia zaidi picha za Kihindi, na humo upelelezi haukukosekana: *C.I.D.* ya 1956 na Dev Anand wake, au *Gumnaam* ya 1965, ambamo wageni wanauawa mmoja mmoja. Hizo si za bei ndogo, zina nyimbo na zinakula usiku mzima, lakini aliyezizoea atamkuta Holmes wa Rathbone kama mtu anayemfahamu.

Lipo na jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalijui. Miaka ile ile Fox walipokuwa wakifyatua picha za Charlie Chan, kati ya 1935 na 1937, huku kwetu Vugiri, milimani Usambara, palikuwa na mradi wa kikoloni wa kutengeneza sinema za kuelimisha Waafrika. Zilitoka filamu fupi 35 hivi, kwa vifaa vya bei nafuu, na sauti ikipigwa kwenye santuri pembeni. Nyingi zilihusu kilimo na afya. Moja ilikuwa ya kuhimiza watu waweke fedha benki ya posta, nayo ikatumia kisa cha mtu aliyeficha mshahara wake nyumbani ukaibiwa. Mahubiri ni mahubiri, lakini mwizi yumo.

Mimi msomaji wa Bwana Msa. Nitazipenda?

Ungechelewa kuuliza. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipochapisha kitabu cha kwanza cha Bwana Msa mwaka 1960, alimpa kiko na utulivu unaomkumbusha msomaji Holmes moja kwa moja, kisha akamweka katikati ya mashamba, mizimu na siri za ukoo. Utazikuta kwenye sinema hizi mbinu zile zile: watu wanadhani ni shetani, mpelelezi anauliza nani anarithi. Tofauti ni kwamba Bwana Msa anajua kusubiri, na wa Hollywood ana saa moja tu.

Zinapatikana wapi, na zitakula bando kiasi gani?

Zamani filamu ya Marekani ilipaswa kuandikishwa upya haki miliki yake baada ya miaka 28. Kampuni nyingi ndogo zilikuwa zimeshakufa au hazikujali, na filamu zao zikawa mali ya umma huko. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa nne za Holmes wa Universal, *Terror by Night* ikiwemo. Zinapatikana bure na kihalali kwenye hazina ya Internet Archive. Za Falcon na nyingi za Chan zina wenyewe.

Kwa kuwa ni fupi na hazina rangi, usichukue nakala kubwa. Ya kiasi inatosha, pakua usiku kwa bando la usiku, weka kwenye flashi. Ukubwa wa faili hautarudisha kilichopotea kwenye mkanda.

Watoto waangalie?

Damu huioni, matusi huyasikii. Kinachowasumbua watoto ni kwamba hawaelewi mambo ya wosia.

Kwa nini ziliacha kutengenezwa?

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilizibana studio kubwa: zisimiliki kumbi na kuzilazimisha kuchukua picha kwa mafungu. Ule mlango wa uhakika wa picha ndogo ukafungwa. Kisha ikaja televisheni, ikawapa watu upelelezi wa nusu saa nyumbani bila tiketi. Waigizaji, waandishi na hata makochi vilihamia huko.

Niliona filamu ya Mr. Moto ikiwa na mtoto wa Charlie Chan ndani. Walikosea?

Hawakukosea, walibana. Filamu ni *Mr. Moto's Gamble* ya 1938. Ilianza kama filamu ya Chan, Oland akaondoka kazi ikiendelea, na Fox hawakuwa tayari kutupa walichokwisha kulipia. Wakambadilisha mpelelezi, wakamweka Mr. Moto, mpelelezi wao mwingine anayechezwa na Peter Lorre, wakambakiza Keye Luke. Ni mojawapo ya nzuri zaidi katika mfululizo wa Moto.

Ipo yoyote mnayotushauri tusiangalie?

Za mwisho za Chan, zile za Winters, 1947 hadi 1949. Kila mtu humo amechoka, hata maiti. Lakini ami yangu anazipenda hizo kuliko zote, na projekta ni yake, kwa hiyo ukija kwetu utazikuta tu.